Tulipolaza gari Bukima

Jamani, leo asubuhi tumeambiwa tumelala juu ya kaburi.

Mimi na mume wangu tunazunguka kando ya ziwa na Hiace yetu tuliyoiwekea godoro. Jana jioni tukaegesha Bukima, mahali pazuri ajabu, ziwa hilo hapo mbele, na baridi hii ya Julai.

Asubuhi nachemsha chai, akaja bibi mmoja ameshika jembe.

"Wanangu, hapa palikuwaga kwangu. Enzi za vijiji vya ujamaa tukahamishwa. Nyumba ikabomolewa, mtoto wangu akabaki."

"Akabaki wapi, bibi?"

Akaonyesha chini ya tairi la nyuma.

Kikombe kilinidondoka. Mume wangu hakuwasha hata injini. Tulilisukuma gari kwa mikono, polepole, kama tunaogopa kumwamsha mtu.

Bibi akapalilia majani. Halafu akauliza, bila kututazama:

"Usiku alilia? Alikuwaga analia sana."

Mume wangu, ambaye haaminigi mambo haya, akachuchumaa karibu yake.

"Hapana, bibi. Alilala."

Bibi akashusha pumzi ndefu, akasema asante.

Sasa tupo Bunda. Nyie mngemjibuje?