Kitambaa cha Sare Yetu ya Krismasi

Mnicheke taratibu, maana aibu hii niliishona kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani hapa ugenini, mtaa wa Jeppestown. Krismasi iliyopita mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Bukavu, nami nilitaka atuone tumependeza kwa sare, ingawa hali ya mfukoni ilikuwa mbaya. Dukani nikaona kitambaa chekundu chenye maua ya dhahabu, kizito kidogo, kwa bei ya kutupa. Nikashona gauni langu, shati la mume wangu na gauni la binti yetu Neema.

Asubuhi ya sikukuu mama mkwe alipapasa mkono wa gauni langu.

"Kitenge hiki kimetoka wapi?"

"Nimekiagiza Kinshasa, Mama," nikadanganya.

Kanisani hakunisemesha kabisa.

Mchana tulialikwa kula kwa shangazi wa mume wangu, mtaa wa Doornfontein. Mlango ulipofunguliwa, nikasimama hapo hapo kizingitini. Dirisha la sebule lilikuwa limevaa gauni langu, kuanzia juu hadi sakafuni. Nikamsukuma Neema kuelekea jikoni, lakini alikuwa ameshaona. Akaenda kusimama dirishani.

"Mama," akasema kwa Kiingereza chake cha shule, "mimi ni pazia."

Mama mkwe aliangalia dirisha, akaniangalia mimi, kisha akaketi, akacheka mpaka akatoa machozi.

"Asante Mungu," akasema. "Tangu asubuhi naogopa kwamba mmekula pesa za kodi ya nyumba ili kunipendeza mimi."

Nikakaa kando yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikasikia njaa.