Skrini Nyeusi ya Mwalimu Gaudiosa

Mwalimu Gaudiosa alianza kupoteza uoni taratibu, kutoka pembeni kuja katikati, na kwa muda mrefu hakumwambia mtu. Alifundisha kompyuta katika shule ya wasichana upande wa Kaengesa. Mshale wa kipanya ukimpotea kwenye skrini, aliwaambia wanafunzi wamalizie wenyewe, naye akasogea dirishani kana kwamba anatazama mashamba ya ulezi.

Daktari wa macho mjini Sumbawanga alimweleza kuwa ni presha ya macho. Dawa ingelinda uoni uliobaki, uliopotea haurudi. Alirudi nyumbani kwake Chanji akiwaza namna ya kumwambia mkuu wa shule kwamba anaacha kazi.

Kabla hajaenda, alipita kwa Evans, fundi wa kompyuta aliyesoma naye chuo. Alimsimulia yote, akalia kidogo. Evans hakumpa pole nyingi. Aliwasha kompyuta yake, akafunga kila kilichokuwa wazi, ikabaki skrini nyeusi tupu ya kuandikia amri, kisha akakuza herufi nyeupe zikawa kama za vichwa vya magazeti.

“Achana na kipanya,” alisema. “Andika neofetch, ni amri ya kuonyesha habari za mashine, halafu bonyeza Enter.”

Vidole vya Gaudiosa havikuhitaji macho. Mistari ikashuka: jina la mashine, mfumo wake, prosesa, kumbukumbu iliyotumika na jumla yake, muda tangu ilipowashwa. Gaudiosa alisogeza uso, akasoma kwa sauti mstari baada ya mstari hadi wa mwisho. Akarudia tena. Tangu masika hakuwa amesoma kitu kwenye kompyuta mpaka mwisho bila kubahatisha.

Alipofika kwa mkuu wa shule, Sista Hellena, hakuomba kuacha. Alieleza hali ya macho yake, akaomba aruhusiwe kufundisha kwa skrini nyeusi. Sista aliuliza kama ataweza.

“Sijui, Sista. Naomba nijaribu.”

Kuwaambia wasichana kulimwia vigumu zaidi. Alisema kwa maneno machache. Kisha Lucia, aliyekaa nyuma na asiyezoea kuzungumza, akasimama.

“Madam, sisi tulidhani umetuchoka.”

Gaudiosa alishika kiti, akakaa.

“Hapana, mwanangu. Nilikuwa siwaoni.”

Akawapa ile amri ya neofetch, kila mmoja aiandike kwenye mashine yake, halafu wamsomee wanachokiona.