Mteremko wa Mama

Mtaani walimwita Bi Futi, naye hakuwahi kulikasirikia jina hilo. Futi ya kushonea ilikaa shingoni mwake tangu asubuhi hadi taa zizimwe, na ukimsalimia tu, tayari ameshakupima mabega kwa macho. Alishona sare za shule sebuleni kwake, na suruali aliyoikata yeye hairudi kwa kosa la kipimo. Kwa hiyo alipoanza kuongeza chumba nyuma ya nyumba, hakuna aliyeshangaa kumwona akimfuata fundi mwashi na futi ile ile, akipima ukuta kabla udongo haujakauka.

Chumba kilikuwa cha mama yake. Macho ya mama yalikuwa yamepungua nguvu, na alikubali kuhamia kwa binti yake kwa shingo upande, tena kwa sharti.

"Nakuja kujaribu," alisema siku aliyoshuka na begi lake. "Lakini siku nitakayohitaji kushikwa mkono kwenda chooni, siku hiyo hiyo narudi kwangu. Sikukuzaa ili unigeuze mtoto mchanga."

Na kweli, begi lile alilisimamisha nyuma ya mlango wa sebule, zipu imefungwa. Kila asubuhi alitoa nguo ya siku hiyo, akalifunga tena. Bi Futi kila akilitazama begi alihisi kama kuna mtu kasimama pale anaaga.

Choo kilikuwa uani, hatua chache tu kutoka mlango wa chumba kipya. Hapo mlangoni zilipangwa kujengwa ngazi mbili. Bi Futi alipima mahali pake mwenyewe, kimo na upana, akaridhika. Tatizo, alivyoona yeye, lilikuwa fundi. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi Baadaye. Ukimuuliza dirisha, baadaye. Ukimuuliza mchanga, baadaye. Na huku nyumba imegeuka ghala: sufuria zimelala kitandani, cherehani imefunikwa shuka, na chai ya asubuhi ina ladha ya saruji.

"Dada, nikuombe kitu?" fundi alimwambia jioni moja. "Kesho namwaga sakafu na ngazi. Ondokeni wote. Sitaki kuona kandambili ya mtu humu ndani. Na wewe hasa."

"Mimi hasa kwa nini?"

"Ukinisimamia nyuma, mwiko wangu unatetemeka."

Mume wa Bi Futi, dereva wa lori aliyekuwa likizo, alicheka mpaka akakohoa vumbi. "Umesikia, mke wangu? Kesho tunaenda msituni."

"Msituni kufanya nini?"

"Kupumua."

Kulipokucha, mumewe alimvua futi shingoni akaitundika kwenye msumari. "Hii inabaki kulinda nyumba."

"Na simu?"

"Simu nayo ibaki. Isije ikampigia fundi yenyewe."

Wakaenda watatu kwa gari la kuazima, na kapu la mayai ya kuchemsha, mkate na chupa ya chai. Msitu ule ulikuwa wa miti mirefu iliyonyooka, na chini yake baridi nzuri, harufu ya majani mabichi, na sauti ya kijito mahali fulani bondeni. Bi Futi alikaa kwenye mkeka kama mtu aliyekuja kusubiri daktari. Mkono wake ulipapasa shingo, ukakuta hakuna kitu, ukarudi mapajani. Akatazama mti. Akautazama mwingine. Akagundua kwamba hakohoi. Kabla hajamaliza kufikiria sakafu, usingizi ukamchukua.

Alipozinduka, mumewe alikuwa anamenya yai. Mahali pa mama palikuwa patupu.

"Mama yuko wapi?"

"Kaenda kijitoni."

"Na nani?"

"Na mkongojo wake."

Bi Futi aliruka. Njia ya kushuka kijitoni ilikuwa na ngazi za mawe, na asubuhi ile ile mama alikuwa amesimama mbele ya ngazi hizo, akipapasa kwa kidole cha mguu, mpaka mwishowe akageuka akidai amechoka. Sasa Bi Futi alikimbia, akamkuta mama ameketi juu ya jiwe, miguu majini, anachekelea baridi ya maji.

"Mama! Umepitaje zile ngazi?"

"Ngazi nani kazipita? Nimepita pale." Akaelekeza mkongojo kwenye njia ya udongo iliyochongwa na magurudumu ya mikokoteni, iliyoteremka taratibu pembeni ya mawe. "Ngazi mimi sizioni, mwanangu. Naona kama ubao mmoja. Mguu unashuka haujui chini iko wapi. Lakini mteremko, mguu unauhisi wenyewe."

"Mbona hukuniambia? Mlango wako unajengewa ngazi!"

"Ulikuwa unapima. Mtu anayepima hasemeshwi."

Bi Futi akauchukua mkongojo, akaulaza kwenye ile njia ya udongo, akaweka kiganja chini ya ncha yake kuupima mteremko, akatazama, akasogea, akaulaza tena. Mumewe, aliyekuwa ameshuka mbio na yai mkononi, akasema, "Twende haraka tumuwahi fundi."

"Kula yai lako," alisema Bi Futi kwa utulivu. "Yule saa hizi bado anatafuta chepe. Tutamkuta."

Wakala, wakanywa chai, mama akaimba kidogo. Bi Futi alirudi nyumbani uso umenawiri, na njia nzima aliomba kimoyomoyo Fundi Baadaye abaki vile vile alivyo.

Walimkuta anaosha zana. Sakafu imemwagwa, ngazi mbili zimesimama mlangoni, laini kama sabuni mpya.

"Umemaliza?" Bi Futi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Leo hakuna aliyenipima!" alijibu fundi, kifua mbele.

"Fundi, zifukie."

"Nifukie nini?"

"Ngazi. Zege bado bichi. Likwaruze, tumwage mteremko juu yake."

Fundi alikaa chini, akashika kichwa. "Maisha yangu yote nachelewa, sijawahi kuvunjiwa. Siku moja nimewahi!" Lakini alipoelezwa sababu, alimtazama mama na mkongojo wake. Kisha akaonyesha nguzo zilizosimikwa kando ya ukuta. "Mteremko wa kumfaa mama utafika hadi pale. Na pale ni kibaraza cha cherehani yako."

Bi Futi alizitazama zile nguzo. Hapo ndipo alipopangia mwanga wa asubuhi, meza ya kukatia, na wateja wasiokanyaga sebule yake tena. Alitazama kwa muda, kama mtu anayepima.

"Zing'oe," alisema. "Kibaraza tutajenga baadaye."

"Baadaye?" fundi akacheka. "Sasa umeniibia neno." Akachukua chepe. "Nipe futi, tupate urefu."

"Iache msumarini." Bi Futi aliulaza mkongojo ardhini kuanzia kizingitini, akauhamisha, akauhamisha tena. "Mwisho hapa. Na juu yake pitisha fagio zege likiwa bichi, pasiteleze."

Siku mama alipohamia chumbani, Bi Futi alikuwa sebuleni, mguu kwenye pedali. Alisikia mlango wa nyuma ukifunguka. Mkongojo ukagonga, ukagonga, ukateremka. Mguu wa Bi Futi ukasimama. Kitasa cha choo kikalia. Baada ya muda mkongojo ukapanda tena, na sauti ikaita kutoka nyuma:

"Wewe! Mbona cherehani imenyamaza? Unanisikiliza?"

"Natunga uzi, mama."

"Haya, tunga. Ukimaliza, lile begi langu lifungue. Nguo zimejikunja vibaya, zipige pasi uzitundike."