Mikono ya Gauni la Vernice

Katika mji wa Mobile mwanamke anaweza kusamehewa kuunguza wali, kusamehewa kukoroma kanisani, hata kusamehewa kuolewa na mtu wa Pensacola. Lakini kwenda dansi ya Mardi Gras, zile sherehe za kabla ya Kwaresima, na gauni lililopitwa na wakati, hilo hasamehewi. Atachekwa palepale ukumbini. Atachekwa Jumatano ya Majivu na watu wenye majivu kwenye paji la uso. Na Kwaresima nzima, watu wakiwa wameacha nyama, wameacha pombe, hakuna hata mmoja atakayeacha kumcheka.

Ndiyo maana Vernice Chastang, mpishi wa shule na mjane wa siku nyingi, aliamka Jumamosi ile akakaa kitandani, mikono mapajani, akilitazama gauni lake la zambarau lililoning'inizwa kwenye mlango wa kabati. Gauni nalo likamtazama.

Lilikuwa gauni la mahameli, refu mpaka sakafuni, na lilishonwa enzi ambazo wanawake walitengeneza nywele zikagusa dari. Fundi wake alikuwa marehemu Eulalie, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kushona majoho ya malkia wa Mardi Gras, yale yenye mkia unaoingia ukumbini nusu saa baada ya malkia mwenyewe. Sasa mtu aliyezoea kushona kitu kirefu kama barabara, utamwambia nini kuhusu kubana kitambaa? Ukimwomba Eulalie leso, anakuletea shuka. Ukimwomba shuka, unalaza mtaa mzima. Vernice alimwomba mikono yenye kufura kidogo mabegani, akapewa maboga mawili.

Siku ya kwanza kulivaa, upepo wa ghuba uliingia kwenye mikono ile ukamnyanyua Vernice kibarazani, na marehemu mumewe, Ferdinand, akamdaka kisigino la sivyo angekwenda kutua Biloxi. Mwaka mwingine paka wa jirani alipotea, akatafutwa hadi chini ya makaburi, kumbe amejifungulia ndani ya mkono wa kushoto. Vernice mwenyewe akiulizwa kuhusu paka hukana. Kuhusu upepo hakani.

Sasa lile gauni lilikuwa na kesi ya kujibu. Alphonse Laurendine, fundi wa friji, alikuwa mwanachama wa Chama cha Chaza, kimoja cha vyama vinavyoandaa dansi hizo, na mwaka huu alimpelekea Vernice kadi ya kuitwa kwenye dansi yao ya usiku wa Jumamosi ile. Kuitwa si sawa na kualikwa. Wanaoalikwa hukaa pembeni wakanywa na kusengenya. Anayeitwa huketishwa mbele, jina lake likasomwa, na mwanachama aliyevaa kinyago akaja kumchukua kucheza naye katikati ya ukumbi, peke yao wanaoitwa, huku mji mzima umekodoa macho kutoka ghorofani. Hapo ndipo mwanamke anapokaguliwa kuanzia unywele hadi ukucha.

Na Vernice alimpenda Alphonse. Tangu kiangazi alikuwa ameshamwita aje kutengeneza friji mara nyingi hata friji yenyewe ikaanza kuona haya. Alitaka amwone ndani ya gauni lile, si jingine. Kwenye gauni lile alikuwa Vernice mzima. Kwenye mengine alikuwa mpishi wa shule aliyevaa vizuri. Lakini je, bado linapendeza, au lilikuwa linapendeza machoni pake tu, kama mtoto mbaya kwa mama yake?

Mlango ukagongwa, na kabla hajaitika, wifi yake Ozella alikwisha kufika chumbani. Ozella alikuwa dada yake Ferdinand, mwanamke mwembamba wa maneno manene. Begani amebeba gauni jeusi ndani ya mfuko wa nailoni.

"Nimekuletea nguo," akasema. Kisha akaliona lile la zambarau. "Toba! Wifi, hilo pazia limetoka jumba gani la mazishi?"

"Ni gauni langu."

"Najua ni gauni lako, nilikuwepo. Nauliza kwa nini halijazikwa."

"Limenitosha, Ozella. Nimejaribu jana. Zipu imepanda bila hata kuomba dua."

"Nguo kukutosha si sababu. Hata jeneza litakutosha." Akaketi kitandani akalisogeza kwa kidole kama mtu anayemwamsha mlevi. "Siku hizi gauni linabana huku, linaachia huku, begani hakuna kitu. Begani, wifi, ni bega tu. Wewe una mito miwili. Alphonse wa watu atakushika wapi? Atafika kwa ngazi?"

"Alphonse ana mikono mirefu."

"Ehee! Umeshaipima?"

"Ozella, usinitie dhambini asubuhi yote hii."

Walicheka wote wawili, kisha Vernice akaligeukia tena gauni lake, na Ozella akaona kwamba wifi yake hatanii. Akalegeza sauti. "Sikiliza mpenzi wangu. Mimi nitakwambia ukweli wewe ukasirike leo. Wale kule ghorofani watakucheka waziwazi, na wewe utacheza ukijua. Nataka ucheze bila kujua chochote. Vaa jeusi."

Vernice akalijaribu jeusi. Lilikuwa zuri, hilo hakulikataa. Akajigeuza mbele ya kioo, akajigeuza tena, akaona mwanamke nadhifu ambaye ukikutana naye mlangoni utamdhania mwanamke mwingine nadhifu. Akalivua.

"Wewe unasema limepitwa na wakati," akasema. "Mimi nasema bado. Wewe wifi yangu, na mimi mwenye gauni. Hapa hakuna hakimu. Twende tukaulize vinyago."

Ozella akaelewa mara moja, maana hakuna aliyezaliwa Mobile asiyeelewa. Kabla ya dansi, wanachama hupita barabarani juu ya magari yao ya mapambo, nyuso zimefichwa, wakirusha shanga na keki za mwezi, zile biskuti za mviringo zilizochovywa kwenye chokoleti. Na kinyago hakina adabu. Mtu aliyefichwa uso hamrushii mwanamke kwa kumwonea huruma, wala kwa kuwa anasali naye. Humrushia aliyemvutia jicho. Watu wa dansi nao husimama palepale kwenye vizuizi vya chuma na magauni yao, miongoni mwa watoto na majiko ya kuchomea nyama, wakingoja.

"Tusimame sote wawili," Vernice akasema. "Wewe na gauni lako jipya, mimi na hili. Ukirushiwa kunishinda, nakwenda nyumbani navaa jeusi, na sitakununia."

"Na wewe ukinishinda?"

"Unafunga mdomo mpaka Pasaka."

"Mpaka Jumatatu," Ozella akasema. "Mpaka Pasaka nitakufa." Jioni, walipokwisha kuvaa, kwa kuwa alimpenda, akamfunika mabegani kwa shali kubwa jeusi. "Hili angalau livae njiani. Majirani hawajafanya kosa lolote."

Vernice akaliacha shali lile begani, maana kweli moyo wake ulikuwa umeshaanza kuingia baridi.

Jua lilikuwa linateremka walipofika barabarani. Ozella alivaa la dhahabu, limembana kama ganda la hindi, na kusema haki lilimkaa. Bendi ya shule ikapita ikitikisa vioo vya maduka, kisha likaja gari la kwanza, lenye umbo la kaa mwekundu. Vinyago vikamwona Ozella. Shanga zikamshukia kama mvua ya mawe. "Asante baba! Asante! Na wewe pia, hata kama wewe ni mume wa mtu!" Ozella akapiga kelele. Vernice alipata kikombe cha plastiki, nacho kilimpiga kwenye paji la uso.

Gari la pili, Ozella akajaza mfuko. Vernice hakupata kitu. La tatu, kinyago kimoja kilimtazama Vernice, kikainua keki ya mwezi, kikafikiri, kikamrushia mtoto aliyekuwa mbele yake.

"Basi wifi," Ozella akasema, na hakucheka. "Gari letu bado lipo pale. Ni mwendo mfupi tu hadi nyumbani, ukabadili, ukarudi. Nitakushikia nafasi."

Vernice alikwisha kugeuka. Alipogeuka ndipo akajiona kwenye kioo cha kinyozi nyuma yao. Alimwona mwanamke aliyejikunyata, shali jeusi limembana mabega, mikono ya gauni imelazwa bapa chini yake kama kuku wawili waliokaliwa. Akasimama akimtazama yule mwanamke. Hata mimi, akawaza, nisingemrushia.

"Ozella."

"Naam."

"Hawajaliona."

"Hawajaona nini?"

"Gauni. Wameona shali lako." Akalivua akampa. "Shika. Nikichekwa, na nichekwe kwa langu."

Mikono ya Eulalie, baada ya kukandamizwa jioni nzima, ilivuta pumzi. Ikapanda. Ikafura mabegani kama andazi lililodumbukizwa kwenye mafuta ya moto, na bado ikaendelea kufura, hadi mzee aliyekuwa upande wa kulia akasogeza kiti chake na mama wa upande wa kushoto akavuta watoto. Mahameli ikashika jua la mwisho. Vernice akanyoosha shingo, maana katika gauni lile huwezi kuinama hata ukitaka, akapiga kelele ambayo jikoni huitumia kuita watoto mia nne: "Haya! Mimi hapa! Na mimi!"

Gari la nne lilikuwa na umbo la ndege mwari, mkubwa mweupe mwenye mdomo wa kufunguka. Vinyago wote wakahamia upande mmoja, gari likainama, dereva wa trekta linalolivuta akatukana kwa Kifaransa cha bibi yake. Zikaja shanga, zikaja keki za mwezi za chokoleti, za ndizi, za nazi, mpaka Vernice akakosa mikono ya kudakia, ndipo mikono ya gauni ikaanza kudaka yenyewe. Waliokuwepo wanaapa kwamba keki ziliingia kwenye ule wa kulia na kutokea kwenye ule wa kushoto. Wanaapa pia kwamba mdomo wa mwari uliachama ukakataa kufunga, ukapitishwa hivyohivyo mjini. Hilo la mdomo ni kweli.

Nyuma ya mwari likaja gari la mwisho. Pembeni yake alisimama kinyago mrefu, amefungwa mkanda wa usalama, konzi yake imejaa shanga. Alipofika mbele ya Vernice hakurusha kitu. Alisahau. Alisimama mkono juu kama mtu anayeapa mahakamani, gari likazidi kwenda, naye akazidi kugeuza shingo, hadi alipokaribia kona ndipo akazinduka, akanyanyua gunia zima akalimimina barabarani.

"Huyo hahesabiwi," Ozella akasema. "Huyo ni Alphonse."

"Amejifunika uso. Umemjuaje?"

"Nimemjua kwa kuduwaa."

Mlangoni mwa ukumbi alikaa bawabu mwenye macho ya mwewe, ambaye kazi yake ni kutazama pindo tu. Gauni lisilogusa sakafu halipiti, awe binti wa nani. La Vernice halikugusa sakafu. Lilifagia, na bawabu akavuta miguu yake kulipisha. Ndani, msichana mmoja mwenye gauni jipya kabisa alimfuata hadi mezani. Mabegani mwake kulikuwa na vimikono vilivyofura kidogo, kama machungwa.

"Samahani, mama. Umelipata wapi? Mimi nimezunguka maduka yote ya Atlanta nikitafuta mikono mikubwa hivyo, nimeishia kupata hii."

"Kabatini," Vernice akasema.

Ozella alikohoa, kwa kuwa kusema hakuruhusiwa mpaka Jumatatu.

Kisha taa zikapunguzwa, majina yakasomwa, na likasomwa la Vernice Chastang. Kule ghorofani kukawa na mnong'ono. Vernice aliusikia wote. Ulianzia kulia ukaenda kushoto, na ulipofika mwisho haukuwa kicheko. Ulikuwa wa wanawake wanaoulizana nani kamshonea. Kinyago mrefu akaja, amevaa satini ya kijani na glavu nyeupe, magoti yake yakilia kama mlango wa friji, maana kinyago huficha uso hakifichi magoti. Akatafuta bega la kushika, akazunguka upande huu, akazunguka upande ule, akalipata.

"Nilidhani utavaa jeusi," akanong'ona. "Ozella aliniambia."

"Ungependa jeusi?"

"Nisingekuona nikiwa juu ya gari."

Wakacheza. Walipogeuka mara ya pili mkono wa gauni ukakwaruza, Alphonse akaingiza vidole viwili akatoa keki ya mwezi, bado iko kwenye karatasi yake. Wakaigawana katikati ya ukumbi, mji mzima ukitazama, yeye akiila kwa kuinua kinyago kidogo tu, kiasi cha mdomo.

Vernice aliporudi mezani alikuta Ozella amekunja mikono, ametulia mno. Ozella akautazama mkono wa kulia wa gauni, akautazama wa kushoto. Akavumilia. Akavumilia tena. Kisha kufunga mdomo kukamshinda.

"Jumanne kuna dansi ya kina Delchamps," akasema. "Wewe hukualikwa."

"Sikualikwa."

"Sasa hilo gauni Jumanne litakuwa linafanya nini?"

Vernice akavuta kiti, akaketi, mikono ikachukua na viti viwili vya jirani. Akamtazama wifi yake juu hadi chini, taratibu, bila haraka yoyote, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Simama," akasema. "Hebu geuka nikuone."