Sanamu Yetu Haina Viatu

Juzi, katika ukumbi mmoja hapa Ixelles, Ubelgiji, msanii Mbelgiji aliyejifunza Kiswahili Bukavu alitufunulia sisi Wakongo mfano wa sanamu anayotaka iwekwe bungeni kwao kuiwakilisha Kongo. Ni mwanamke mwenye kikapu mgongoni, miguu mitupu. Wengi wakapiga makofi.

Maman mmoja aliyevaa kitenge chake cha misa hakupiga. Alisogea, akainama, akavigusa vidole vya ile miguu.

“Bon. Viatu vyake viko wapi?”

Msanii akatabasamu. “Ni ishara, maman. Anaigusa ardhi yake.”

“Na bale wazungu wa mawe wenye wako mule bungeni, wanavaa?”

“Wanavaa.”

“Alors, umuvalishe naye. Sisi hata mufu tunamuvalisha viatu mbele ya kumuzika.”

Msanii akasema atalifikiria.

Alifikirie nini? Mimi niliposhuka treni hapa, stesheni ya Gare du Midi, sikuwa na kitu, lakini viatu vyangu vilikuwa vimepigwa rangi hadi vinang’aa. Na hiyo ardhi anayoisema, wenzake waliichimba wakiwa na buti. Wakimsimamisha pekupeku bungeni, basi pale chini, kwenye kibao, waandike pia ni nani aliyemvua.