Bi Rukia Anataka Hina

Usiku ule nilioapa kwamba bibi harusi wa kesho ndiye wangu wa mwisho, Bi Rukia alinijia. Hina nilikuwa nimeshaikanda kwa ndimu, nikaifunika kwenye bakuli na kuiacha jikoni ikolee rangi. Mume wangu, Hamadi, aliposikia kiapo changu alicheka. "Mwenzangu, kila harusi unaacha, na bado hujaacha." Lakini safari hii sikuwa natania. Dada yake alikuwa akinitaka nikamsaidie dukani kwake kuuza vitambaa, na nilishamwambia kwamba harusi hii ikipita atapata jibu.

Kazi haikunikimbia, tusiseme uongo. Mtaani kwetu haolewi mtu bila kuitwa mimi nimpake. Raha yake tu ndiyo iliyonitoka. Zamani nikimaliza mkono wa mtu nilikuwa naukodolea macho kama si mimi niliyeuchora. Siku hizi kila mama anakuja na picha kwenye simu, nami nainakili kama mtoto aliyepewa adhabu. Mama yake Salma, huyo bibi harusi wa kesho, alinionyesha maua ya kigeni yanayopanda mpaka kiwikoni. "Hivi hivi, Zuhura," akaniambia. "Usiongeze, usipunguze." Nikasema sawa, nikarudi nyumbani nimechoka kabla hata ya kuanza.

Bi Rukia ndiye aliyenifundisha. Mpole hakuwa. Ukikosea alikuwa akichukua kitambaa na kufuta kazi yote, akakwambia "Rudia", basi, hana la ziada. Alifariki, Mungu amrehemu, na mimi nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha.

Basi ndotoni niko kwao Salma, mchana, chumba kimejaa wanawake wanaopiga vigelegele. Nimekaa mkekani, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta, nachora huku nikiitazama. Mkono umelazwa juu ya mto mbele yangu. Nachora ua, nachora jani, nachora ua. Hina haiishi kwenye koni ninayochorea. Nimeshapita kiwiko na mkono bado unaendelea, na picha nayo inaendelea, kila nikiisukuma kwa kidole kuna ua jingine chini yake. Jasho linanitoka. Nataka kuuliza bega liko wapi na naona haya, maana ni mpambaji gani huyo asiyejua mkono wa mtu unaishia wapi?

Vigelegele vinakatika. Nainua macho, na aliyekaa mbele yangu ni Bi Rukia.

"Shikamoo, Bi Rukia."

Haitikii. Mtu mzima wa kwetu aiache shikamoo ianguke chini namna ile! Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Tangu utotoni tunaambiwa kwamba maiti akikupa kitu ndotoni, pokea, ila akikuomba kitu, usimpe. Na Bi Rukia amenyoosha mkono wake. Anataka hina.

Nageuka nitafute mlango, na chumba si kile tena. Ni chumba tulichomwoshea. Kitanda kipo, maji yanatiririka chini yake, harufu ya karafuu maiti imejaa puani. Bi Rukia amekaa kitandani, mkono bado ameunyoosha, sasa uko juu ya mto ule ule na umejaa maua yangu, na kwenye ncha za kucha zake naona wekundu mwembamba. Hina ile nilimpaka mimi, sikukuu yake ya mwisho. Siku ya kumwosha nilizisugua kucha zile huku nalia, haikutoka, mpaka mama mmoja akanishika bega akaniambia niiache, haidhuru.

"Mkono huu wa nani?" anauliza Bi Rukia.

Na mimi, badala ya kuutazama mkono, naitazama simu. "Wa Salma," najibu.

Anachukua kitambaa anafuta kazi yote, kuanzia begani mpaka vidoleni. "Rudia."

Narudia. Nachora yale yale, mbiombio. Anafuta. "Rudia." Kila akifuta, ngozi yake inapauka kidogo, na naona wazi kwamba akiendelea hivi hautabaki mkono wowote, wala yeye mwenyewe hatabaki, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemmaliza. Nikaanza kulia. "Bi Rukia, sijui unataka nini. Kazi hii naiacha. Sina raha nayo tena."

Anakiweka kitambaa chini.

"Hujanishika," anasema.

Ni kweli. Nimempaka muda wote huo mkono ukiwa juu ya mto. Na yeye hakuwa akifanya hivyo hata siku moja. Alikuwa akiupokea mkono wa mtu kwa mikono yake miwili, ananyamaza nao, hata kama watu wanamharakisha, mpaka ajue ni wa baridi au una jasho, vidole vifupi au virefu, mwenyewe ana furaha au analazimishwa. Ndipo akachora. Mimi niliacha tangu nilipoanza kutumia mto na simu, na sikuona kama nimeacha kitu.

Kumshika naogopa. Mkono wa maiti ninaujua ubaridi wake. Na nikimshika, si ndiyo nimekwenda naye? Lakini amekaa tu, ananingoja, amepauka vile kwa ajili yangu. Nikasema bismillahi nikaushika.

Ulikuwa wa moto. Mkavu, una sugu kwenye kidole cha shahada, na gumba limepinda kidogo kwa nje. Kwa lile gumba nikajua pa kuanzia. Mstari ulitoka wenyewe, ukapinda pale gumba linapopinda, ukazunguka sugu, ukashuka kiganjani, na tayari tuko uani kwake, juani, anachekecha hina kwa mkono mmoja na mwingine ameniachia mimi. Raha ikanijaa kifuani, ile ile niliyodhani imekwisha. Nilikuwa namwomba Mungu mstari usifike mwisho.

Bi Rukia aliacha kuchekecha. "Mtoto wa watu anaogopa," akasema. "Mshike."

Nikaamka. Nilikuwa nimeubana mkono wa Hamadi na yeye analalamika kwamba namuumiza. Nikamsimulia yote.

"Amekupa kitu au amechukua?" akauliza, usingizi umemtoka.

"Sijui," nikamjibu.

Nikalala chali nikijaribu kuikumbuka mikono ya Salma. Nilikaa naye mchana kutwa jana, mkeka mmoja, mama yake akinionyesha picha. Kila jani la picha ile nalikumbuka. Mikono ya Salma siikumbuki. Sijui kama vidole vyake ni virefu, sijui kama anatafuna kucha. Wala sikumbuki kama alisema neno. Hilo lilinitisha kuliko maiti.

Adhana ya alfajiri ilipomalizika nikasali, nikajitanda kanga.

"Kwenda wapi? Hina si mchana?" Hamadi akauliza.

"Mchana. Nakwenda kwanza kukaa na Salma."

"Na mama yake je, na picha yake?"

"Mama yake nitamwambia ukweli," nikasema. "Nitamwambia mkono wa mwanawe sijauona bado."