Goti Lililopiga Teke

Elimu yangu ya mishipa ya fahamu niliipata shule ya jioni, nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa wakihudhuria mikutano ya wazazi. Nilikaa dawati la mbele, magoti yakigusa kidevu, na mwalimu wetu, mama mmoja wa Amukura, alipochora ubongo ubaoni nililing'ang'ania somo kama kupe. Ubongo ni mkubwa wa ofisi, alisema. Kutoka kwake inashuka kamba ya neva ndani ya uti wa mgongo, nene kama kidole, na matawi yake yanafika hadi ukucha wa mwisho. Mengine hupeleka habari juu, mengine huleta amri chini. Kamba ikikatika, habari haifiki na amri haifiki. Kipindi kikaisha hapo. Mtu mwenye akili angengoja kipindi cha pili. Mimi kesho yake asubuhi nilikuwa profesa.

Mchana nilikuwa mpakiaji mpakani Busia. Nilipanga treya za mayai kwenye baiskeli za magurudumu matatu, zile ambazo walemavu huziendesha kwa mikono kutoka upande wa Uganda. Wao hawasumbuliwi sana langoni, ndiyo maana wafanyabiashara huwapa mizigo, na ndiyo maana kila baada ya muda hutokea jitu lenye miguu mizima kama twiga likajiketisha pale juu na kujifanya kiwete. Mwenyekiti wa kikundi chao, ambaye polio ilimchukua miguu akiwa mtoto, aliwachukia watu hao kuliko alivyoichukia polio yenyewe.

Asubuhi hiyo ya uprofesa wangu, Ijumaa, alimshuku mgeni kikundini. Huyu alikuwa turniboi zamani, msaidizi wa dereva, akaanguka kutoka juu ya lori kwenye foleni ya Malaba, akavunjika mgongo. Alikuwa na mke na chumba mtaa wa Burumba, na kazi iliyomtaka ilikuwa hiyo ya baiskeli tu.

"Miguu ya huyu imenona sana," mwenyekiti alisema. "Boss, wewe si unasoma? Tupimie."

"Pima tu," mgeni akajibu. "Nimepimwa na madaktari wa mchana, nitaogopa wa jioni?"

Watu wakacheka, wakatuzunguka. Nikaeleza ofisi, nikaeleza kamba, kwa sauti iliyowaamsha madereva hadi Jinja. "Mguu huu umekufa," nikatangaza. "Nikiugonga hautajua kama mimi ni spana au ni inzi." Nikamgonga chini ya goti kwa spana.

Mguu ukapiga teke. Kandambili ikapaa ikatua juu ya mayai ya mtu.

"Kiwete anacheza mpira!"

"Mpeleke timu ya taifa huyo!"

Mgeni aliutazama mguu wake kama mtu aliyesikia maiti ikikohoa. Sikumtetea. Nilikuwa nacheka kuliko wote, maana mchezo ulikuwa wangu. Wakamshusha kwa makwapa, wakamwacha vumbini, baiskeli wakaifungia kwenye kibanda cha kikundi.

"Tembea sasa, mwanariadha," mwenyekiti akamwambia.

Jumanne mwalimu akamalizia somo. Kuna safari fupi, alisema: ukigonga goti, habari inaingia kwenye kamba ya mgongoni na amri inarudi palepale, bila kupanda kwa mkubwa. Nikauliza, kwa sauti ndogo ambayo darasa lilikuwa halijawahi kuisikia kwangu, itakuwaje kama kamba imekatika huko juu.

"Mara nyingi mguu unaruka zaidi," akasema. "Hakuna wa kuutuliza. Na mwenyewe hajui chochote."

Nilimkuta yule mgeni chumbani kwake Burumba ameshikilia kamba mbili zilizofungwa kwenye boriti, akijaribu kusimama. Magoti yalikuwa yamechubuka hadi nyama, naye anatabasamu. Mkewe alikuwa amekwenda kuteka maji.

"Daktari! Uliuamsha. Sasa hata blanketi ikiugusa, unaruka!"

Nikamweleza. Sijawahi kutumia maneno machache kiasi hicho. Mikono yake ikalegea, akakaa.

"Kwa hivyo ulikuwa unaruka wenyewe."

"Wenyewe."

Akazisukuma kamba pembeni. "Mwambie mwenyekiti nirudishiwe baiskeli. Lakini mama watoto usimwambie. Jumapili ametoa shukrani kanisani, amepeleka hadi jogoo."

Mwenyekiti alinisikiliza huku akitafuna muwa. "Juzi umeruka kwa sababu ni mzima, leo umeruka kwa sababu umekufa? Mlete. Tutamfunga macho tumchome pini. Atuambie mwenyewe tumeanza lini."

Mkewe ndiye aliyemleta, kwa toroli, akiimba pambio, akidhani tunakwenda kumwomba radhi mtu aliyepona. Tukamfunga macho kwa leso yake huyo mama. Pini nikapewa mimi, mtaalamu.

Nilichoma paja. Nilichoma shavu la mguu, kisha unyayo, hadi damu ikachora mstari kwenye ubao wa toroli. Kila mara mguu uliruka kama samaki. Juu yake, mwenye mguu alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja kwa makini kabisa.

"Mmeanza?" akauliza.

Mwenyekiti akaacha kutafuna muwa wake. Akauchomoa ufunguo wa kibanda mfukoni, akamtupia mmoja wao aitoe baiskeli.

"Jamani, mmeanza?"

Mkewe akasogea, akamfungua leso.

"Wamemaliza," akasema.